Mtiki Haudanganyi, Ukiupima



Kila mwaka, mwezi wa tisa ukikaribia, jambo moja linarudi. Minervali inadaiwa, viatu na madaftari vinatakiwa, na sanduku la AVEC bado halijafunguliwa. Ndipo mchuruzi wa mbao anafika. Anapita kati ya miti, anapiga gome kwa kiganja, anainua macho, kisha anataja bei moja kwa shamba zima: "Mama, miti yako ingali midogo, lakini nitakusaidia." Kichwani mwake amekwisha kupiga hesabu. Mwenye shamba hana hesabu yoyote. Hapo biashara imekwisha kuamuliwa kabla ya kuanza.

Juma hili tunataka mama mwenye miti awe na hesabu yake mwenyewe. Tutazungumza juu ya mtiki, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa teck, kwa sababu ni mti wa bei nzuri, na pia ni mti unaouzwa mapema mno. Watu waliosomea misitu wana kazi wanayoiita modeli ya ukuaji. Ni hesabu inayosema: mti wa umri fulani, katika udongo fulani, wenye majirani kadhaa, utafikia unene gani, na hekta moja itatoa mbao kiasi gani. Neno ni kubwa, lakini vyombo vyake ni vidogo: utepe wa fundi wa nguo, kamba, fimbo, daftari, na simu yenye mashine ya hesabu.

Hesabu iliyoanza juu ya tembo

Asili ya mtiki ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, Wajerumani waliupanda tangu mwaka 1898. Leo Tanzania ina mashamba ya Serikali ya mitiki kule Longuza, upande wa Tanga, na Mtibwa, upande wa Morogoro. Katika bonde la Kilombero kuna mitiki ya kampuni inayofikia karibu hekta 8000. Kwa hiyo si mti wa hadithi za mbali. Jirani zetu wanauvuna.

Lakini kuupima kulianza zamani. Mwaka 1856 Mjerumani mmoja, Dietrich Brandis, alipewa na Waingereza kazi ya kusimamia misitu ya mitiki katika nchi ya Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Wafanyabiashara walikuwa wanakata bila kipimo, na hakuna aliyejua imebaki miti mingapi. Brandis alipita msituni juu ya tembo. Kila alipoona mtiki, alikata alama kwa kisu kwenye kijiti: kijiti cha miti minene peke yake, cha miti ya kati peke yake, na cha midogo peke yake. Halafu alihesabu alama. Kisha akajiuliza: mti wa kati utachukua miaka mingapi kuwa mnene? Kwa majibu ya maswali hayo akaweka idadi ya miti minene inayoweza kukatwa kila mwaka bila kumaliza msitu.

Hiyo ndiyo modeli. Mambo mengine yaliyokuja baadaye, hata yale ya kompyuta, yamesimama juu ya maswali yale mawili: ninayo mingapi sasa, na inaongezeka kwa mwendo gani? Kisiwani Java, mwaka 1932, Wolff von Wülfing alitoa majedwali ya mavuno ya mtiki. Unatafuta umri na aina ya udongo, jedwali linakuambia urefu, unene na kiasi cha mbao kwa hekta.

Jedwali la kule halijui udongo wa huku

Hapa ndipo wengi walipodanganyika. Katika miaka ya 1990, watu wa Uholanzi waliwekeza pesa zao katika mitiki ya Kosta Rika kwa ahadi ya mavuno makubwa sana. Wataalamu wa misitu walipoangalia hesabu zile, walibisha: ahadi zilikuwa zimepita kile ambacho mtiki ulikuwa umeonyesha mahali pengine. Tukumbuke jambo hilo siku mtu atakapokuja na karatasi nzuri yenye rangi akisema, "Pandeni, baada ya miaka kumi mtakuwa matajiri." Tumwulize: hesabu hii ilipimwa kwenye shamba gani, na udongo wake ni kama wetu?

Maana mtiki una mapendeleo yake. Unataka joto, jua jingi, udongo wenye kina usiotuamisha maji na usio mchachu, na kiangazi cha wazi cha miezi kama mitatu hadi mitano. Unapenda mvua ya mwaka ipite milimita 1200. Kwa kawaida haufanyi vizuri juu sana milimani. Kwa hiyo mama wa Bukavu, Lubero au Butembo, kwenye mita 1500 na zaidi, asipoteze nguvu kwa mtiki. Grevilea na mikaratusi vinamfaa zaidi. Lakini kwenye nchi za chini, kama vile kando ya ziwa upande wa Fizi na Kalemie, au kule Maniema, mahali penye udongo mzuri mtiki unaweza kujaribiwa. Mahali penye mawe mekundu chini kidogo ya udongo, au penye maji yanayosimama, utadumaa hata ukiutunza kama mtoto mchanga.

Utajuaje kama udongo wako ni mzuri? Wataalamu hutazama urefu wa miti mirefu kupita yote shambani, wakiulinganisha na umri wake. Sababu ni hii: miti ikibanana inakuwa myembamba, lakini ile mirefu inaendelea kupanda karibu kama kawaida. Unene unaonyesha jinsi ulivyopanda. Urefu unaonyesha udongo. Kama mitiki yako ya miaka 15 ina mita 12, na ya jirani ya umri ule ule ina mita 20, udongo wake unapita wa kwako. Usikubali hesabu ya shamba lake iwe hesabu ya shamba lako.

Kupima mti mmoja

Sasa tuingie shambani. Chukua utepe wa fundi. Pima kutoka ardhini mpaka mita 1 na sentimita 30, yaani kama kifuani. Hapo zungusha utepe kwenye mti na usome mzingo wake. Paka alama ya rangi mahali pale, ili mwaka ujao upime pale pale. Ukipima juu kidogo au chini kidogo, utafikiri mti umekonda au umenenepa, na si kweli.

Kwa urefu, chukua fimbo nyoofu. Ishike wima, mkono umenyooshwa, na sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka ngumi mpaka jichoni. Rudi nyuma polepole hadi ncha ya fimbo ionekane kwenye kilele cha mti na ngumi ionekane kwenye shina chini. Mahali uliposimama, pima umbali hadi kwenye mti. Umbali ule ndio urefu wa mti. Watoto wanapenda sana kazi hii, wape wao.

Kisha chukua simu. Mzingo kwa mita, zidisha kwa mzingo tena, zidisha kwa urefu, zidisha kwa 0,036. Jibu ni kiasi cha mti kwa mita za ujazo. Ile 0,036 imekwisha kuweka ndani yake kwamba shina si duara sawa kutoka chini hadi juu, bali linakonda kadiri linavyopanda. Ni makadirio, lakini yanatosha kumkabili mchuruzi.

Tuone mfano. Mti wenye mzingo wa sentimita 63 na urefu wa mita 16: 0,63 × 0,63 × 16 × 0,036 ni karibu 0,23. Mti mwingine wenye mzingo mara mbili, sentimita 126, na urefu wa mita 24: jibu ni karibu 1,37. Tazameni vizuri. Mzingo umeongezeka mara mbili tu, lakini mbao zimeongezeka karibu mara sita. Ndiyo sababu mchuruzi anapenda kununua miti michanga shamba zima, na kuiacha isimame kwako mpaka atakapoona imemfaa. Miaka ile ya mwisho ndiyo yenye faida, na yeye anaijua.

Kuna jambo jingine ambalo utepe hauonyeshi. Mtiki mchanga ni mweupe sehemu kubwa. Kiini cha rangi ya kahawia, kile kisichooza upesi na kisicholiwa na mchwa kwa urahisi, kinanenepa kadiri umri unavyokwenda. Bei inafuata kiini.

Kupima shamba zima

Huna haja ya kupima kila mti. Funga kamba yenye urefu wa mita 5 na sentimita 64 kwenye kijiti kilichosimikwa, kisha zunguka nayo. Duara ile ina mita mraba 100, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Hesabu miti iliyo ndani, pima mizingo yake. Fanya duara tatu au nne mahali tofauti, si pale palipo pazuri tu, halafu utafute wastani.

Tuseme shamba lako lina mita 50 kwa 50, ni robo ya hekta, na mitiki ina miaka 10. Duara zinaonyesha miti 7 kwa wastani. Ni miti 700 kwa hekta, basi kwako iko 175. Wastani wa mzingo ni sentimita 55 na urefu mita 14. Kila mti una karibu 0,15. Shamba lote karibu mita za ujazo 26. Sasa umejua. Mchuruzi akitaja bei ya shamba, igawanye kwa 26, na utaona anakulipa kiasi gani kwa mita moja ya ujazo. Lakini ujue pia kwamba mti uliosimama si mbao zote. Msumeno unakula, magome na vilele vinabaki, na miti myembamba inatoa mbao chini ya nusu ya kiasi kilichopimwa. Kwa hiyo usidai bei ya mbao iliyopasuliwa kwa mti uliosimama, utaonekana hujui.

Lini mti umeiva?

Mtiki unaanza kwa mbio. Katika miaka ya kwanza unapanda juu upesi, halafu urefu unapunguza mwendo, lakini unene unaendelea. Ukichora kiasi cha mbao mwaka kwa mwaka, unapata mstari unaoanza chini, unaopanda kwa nguvu, kisha unaolala polepole.

Wataalamu wanatumia namba mbili. Ya kwanza ni nyongeza ya mwaka huu peke yake. Ya pili ni wastani: mbao zote gawanya kwa miaka yote. Fikiri asilimia za mtoto shuleni. Kama wastani wake ni 60% na mtihani mpya amepata 70%, wastani unapanda. Akipata 50%, wastani unashuka. Hata shamba ni hivyo. Mradi nyongeza ya mwaka huu inapita wastani, kukata ni hasara, maana kila mwaka wa kungoja unapandisha faida ya miaka yote. Siku nyongeza inaposhuka chini ya wastani, shamba limefika kilele chake cha mbao. Mwenye kutaka magogo manene yenye kiini kikubwa anaweza kungoja zaidi hata hapo, maana bei ya mti mnene inaendelea kupanda.

Ndiyo maana kule India na Java mzunguko wa zamani wa mtiki ulifika miaka 50 hadi 80, na mashamba mengi ya siku hizi yanavuna kati ya miaka 20 na 30. Katika mashamba mengi ya dunia mtiki unatoa wastani wa mita za ujazo 5 hadi 12 kwa hekta kwa mwaka. Anayekuahidi mara tatu ya hiyo, mwombe akuonyeshe shamba kwa macho.

Na minervali je?

Tunasikia mama akisema: "Hesabu ni nzuri, lakini mtoto wangu anafukuzwa shuleni kesho. Nitangoja miaka 25?" Swali ni la haki. Miaka ya vita na ya kukimbia imetufundisha kupanda kile kinachotoka ardhini upesi. Lakini jibu la modeli si "ngoja". Jibu lake ni "uza ile inayofaa kuuzwa, uache ile inayofaa kukua".

Mtiki ni mti wa jua, haupendi kubanwa. Ukiupanda mita 3 kwa 3, una miti 1100 hivi kwa hekta, na haiwezi yote kuwa minene. Majani ya juu yakianza kugusana, mara nyingi kati ya mwaka wa 4 na wa 6, unapunguza: unatoa iliyopinda, iliyogawanyika, iliyo myembamba. Unarudia kati ya mwaka wa 8 na wa 12, na tena baadaye, mpaka mwishoni inabaki 200 hadi 300 kwa hekta. Ile inayotoka ni nguzo za nyumba, nguzo za uzio, na kuni. Ni pesa ya mwezi wa tisa. Na kila mti dhaifu unaotoka unampa jirani yake mwanga na maji.

Turudi kwa yule mama mwenye miti 175. Badala ya kuuza yote, auze 75 mibaya. Baadaye apunguze tena, mwisho abakishe 60. Kama udongo ni mzuri na ile 60 ikifika mzingo wa mita 1,10 na urefu wa mita 21, kila mti utakuwa na karibu 0,91. Yote pamoja karibu mita za ujazo 55. Miti ni theluthi moja ya ile ya kwanza, lakini mbao ni mara mbili, na ni minene yenye kiini. Huu ni mfano wa hesabu, si ahadi. Daftari lako ndilo litakaloahidi.

Tena, miaka ya kwanza shamba lisikae na njaa. Brandis alifanya kazi na wakulima wa Kikareni, waliopanda mitiki katikati ya mpunga wao. Hapa kwetu Congo, katika Mayombe, wakati wa ukoloni walipanda miti ya limba pamoja na migomba. Nawe panda karanga, maharagwe au mahindi kati ya mistari mpaka kivuli kitakapofunga. Usisafishe udongo kabisa chini ya mitiki mikubwa, hasa kwenye mteremko. Majani yake mapana yanaangusha matone makubwa ya mvua, na udongo mtupu unakwenda mtoni.

Utepe wa mchuruzi

Kuna hila moja ya kipimo ambayo kila mama aijue. Wanunuzi wengi wa magogo wanagawanya mzingo kwa nne, wanazidisha jibu kwa lenyewe, halafu kwa urefu. Si wizi wa siri. Ni kipimo cha zamani cha biashara, na magogo ya mtiki yanauzwa hivyo hata katika masoko makubwa. Lakini hakihesabu mti wote. Gogo lenye mzingo wa mita 1 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 0,318. Kwa kipimo cha robo linakuwa 0,25. Katika kila magogo matano, moja limekwenda bure. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "Utanipa ngapi?", uliza "Unapima namna gani?" Kama anapima kwa robo, bei kwa mita moja ipande kulingana.

Miti ni ya nani?

Mti wa miaka 25 unapita ndoa, unapita vifo, unapita wachefu. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inasema miti iliyo ndani ya shamba ni ya mwenye shamba. Na Sheria ya Jamaa, iliporekebishwa mwaka 2016, iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alitakiwa kuipata kabla ya kufunga mapatano. Lakini sheria inahitaji karatasi. Kama shamba ni la ukoo, zungumzeni na baba, na wakwe, na chefu wa kijiji, na muandike nani alipanda na nani atavuna, watie sahihi mbele ya mashahidi. Daftari la vipimo, lenye tarehe na mizingo ya kila mwaka, ni shahidi mwingine: linaonyesha nani aliyekuwa akiitunza miti ile. Mjane mwenye daftari hazungumzi kama mjane asiye na kitu mkononi.

Tuanze

Basi, mama mwenye miti, hata kama si mitiki, fanya hivi kabla mvua haijarudi. Chagua miti kumi, mizuri na mibaya pamoja. Ipake alama kwenye mita 1,30. Andika mzingo na urefu wa kila mmoja, pamoja na tarehe. Mwaka ujao, mwezi ule ule, pima tena. Kwa vipimo viwili una nyongeza ya kwanza. Kwa vipimo vitano una modeli ya shamba lako, iliyotoka katika udongo wako, ambayo hakuna mtaalamu wa mbali aliye nayo.

Wenye mashamba jirani wapimane pamoja, kama tunavyokaa pamoja kwa likelemba: leo kwako, kesho kwangu. Daftari zikiwa kumi, tutajua udongo gani wa kijiji unafaa na upi haufai, na binti zetu hawataanza upya pale tulipoanzia sisi.

Na mwezi wa tisa mchuruzi akija, mkaribishe, mpe kiti na maji ya kunywa. Halafu leta daftari.